Mkono wa Klachi

Tangazo lilisema: inawaka, haitembei.
Nikacheka peke yangu jikoni,
maana nami nikitoka zamu ya usiku kiwandani,
ninanukia biskuti tangu nywele mpaka soksi,
huwa hivyohivyo.

Keighley, Februari, mvua ya ubavuni.
Bwana Sugden akaivua turubai taratibu
kama anayefunua maiti itambuliwe na ndugu.
Suzuki ya mwaka tisini na sita,
buluu yake imepauka mpaka ikawa jinzi,
ganda la kushoto limepasuka, likashonwa kwa waya,
eksozi ina kutu, na ndani ya saa ya mwendo
buibui amejenga kwenye maili mia na ishirini.
Pauni mia tisa, akasema.
Nikatazama cheni. Nikatazama tairi. Nikanyamaza.
Mama alinifunza sokoni Ngamiani
kwamba kunyamaza nako ni bei.
Mia saba na nusu, akasema, na helmeti juu yake.

Usiku ule Zawena akapiga simu kutoka Tanga.
"Miaka arobaini na sita, goti bovu,
umevuka bahari zote hizo ukawe bodaboda?"
Hii haipakii abiria, nikamwambia.
"Basi ni ya nini?"
Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na spana.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
mimi nikakifumua chote, chini ya bati la kibanda,
nati baada ya nati, nikizigawa
kwenye vikombe vya mtindi vyenye mwandiko wangu:
za tangi, za breki, sijui.
Kikombe cha sijui ndicho kilichojaa kwanza.
Kabureta nne nikazisugua kwa mswaki
mpaka vitundu vya shaba vikapitisha mwanga.
Imtiaz wa gereji ya kona akanichomelea eksozi,
akakataa pesa, akataka maandazi;
nikampa ishirini, akala sita papo hapo, amesimama.
Gia ya nyuma nikaiongezea meno mawili
iwe na hasira ya kupanda vilima vya huku.
Mipira ya breki nikatupa, nikafunga ya nyuzi za chuma.
Sponji ya kiti nikaikata kwa kisu cha mkate,
shokapu nikaishusha vidole vitatu,
kwani miguu yangu iliumbwa
kwa ajili ya ardhi iliyo karibu.

Ulionishinda ni mkono wa klachi.
Nilikuwa nimeshanunua mpya, mwekundu, unang'aa kama pipi.
Nilipoufungua wa zamani ndipo nikaona:
umekatwa ncha, umekunjwa ndani, umepigwa msasa,
na katikati una bonde dogo
ambalo hakuna kiwanda kilichowahi kulichimba.
Bonde la vidole viwili.
Nikamkumbuka Bwana Sugden akihesabu noti zangu:
mkono wa kushoto, gumba na viwili tu.
Sikumuuliza vingine vilibaki wapi.

Nikaushika. Kiganja changu hiki,
ambacho glavu zote za nchi hii hukipwaya,
kikaingia mlemle.
Kipya kinyemi, ndiyo.
Ule mwekundu uko kwenye droo, pamoja na vijiko.

Aprili. Mkaguzi aliizunguka mara mbili,
akapiga honi, akajaza mashavu upepo, akanipa karatasi.
Nikashika njia ya Oxenhope kuelekea nyikani,
kuta za mawe, majani ya kahawia, hakuna mti.
Gia ya tatu, mizunguko elfu nane,
na kilichokuwa kikinung'unika tangu Februari
kikaanza kusema.

Kisha ikakohoa. Ikazima.

Nikakaa ukutani, glavu mapajani,
nikavipitia vikombe vyote kichwani, hasa kile cha sijui.
Kondoo mmoja alinikodolea macho
kwa namna ya Zawena kabisa.
Robo saa nzima, ndipo nikainama chini ya tangi:
kibomba. Petroli ya juu imekwisha,
ya akiba ipo, haijaguswa.
Akiba haiozi.
Nikakigeuza. Nikasubiri ijaze koo.
Vidole viwili kwenye klachi,
nikamwachia kondoo mlima wake.